Kwa Nini Mganga Huulizwa Fizikia?

Kamati ya gazeti letu iliponitaka niandike jambo la historia, nadhani ilitegemea niandike habari za ujenzi wa bweni la kwanza au za wakuu wa shule waliopita. Habari hizo wapo wanaozijua kuliko mimi. Mimi nimechagua historia ya swali moja ambalo nimelisikia katika shule hii tangu nilipoingia Kidato cha Kwanza, na ambalo wadogo zetu walioko madarasani bado wanaliuliza: mtu anayetaka kutibu watu, fizikia ya nini?

Swali hilo si la mzaha. Kwa miaka mingi katika nchi yetu mwanafunzi ameruhusiwa kuiacha fizikia anapoingia Kidato cha Tatu, na wengi wameiacha kwa furaha, kama mtu atuaye mzigo wa kuni. Baada ya miaka miwili, cheti kikiwa mkononi, ndipo wanapogundua kwamba udaktari, utabibu, upigaji wa picha za eksirei na kozi nyingine nyingi za afya humtaka mtu aliyefaulu fizikia pamoja na kemia na biolojia. Wakati huo mlango umekwisha fungwa. Naye anayeendelea nayo, akifika Kidato cha Tano katika mchepuo wa PCB, aghalabu huona kwamba biolojia anaipenda, kemia anaivumilia, na fizikia inamtoa jasho.

Maoni ya wengi ni kwamba fizikia iliwekwa pale kuwa chujio tu, ili watu wapunguzwe. Maoni hayo yana ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Historia inaonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba fizikia haikuletwa hospitalini na wageni; waganga wenyewe ndio walioijenga sehemu yake kubwa. La pili ni kwamba sharti la fizikia limekuwa la haki pale tu aliyelidai alipompa mwanafunzi mahali pa kuisoma. Palipokosekana mahali hapo, sharti lilelile lilifungia nje watu ambao akili zao hazikuwa na upungufu wowote. Nitayaeleza yote mawili kwa mpango.

Waganga walioijenga fizikia

Katika Kigiriki cha kale neno physis lilikuwa na maana ya maumbile. Neno hilo ndilo lililozaa jina la fizikia, na ndilo pia lililozaa jina ambalo Waingereza humwita mganga wa dawa. Kwa hiyo undugu wa elimu hizi mbili ni wa tangu zamani.

Mwanzoni mwa karne ya 11, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri, aliandika kitabu kikubwa juu ya nuru na kuona. Wakati huo wapo wataalamu waliosema kwamba jicho hutoa miali inayokwenda kugusa vitu. Yeye alionyesha kwamba nuru hutoka kwenye vitu na kuingia ndani ya jicho, na ili kulieleza jambo hilo ilimbidi achambue umbo la jicho lenyewe. Hapo sura ya nuru katika fizikia na sura ya jicho katika biolojia zilikuwa sura moja.

Mwaka 1600 William Gilbert alitoa kitabu chake juu ya sumaku, akaonyesha kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Gilbert alikuwa mganga, tena alipata kuwa mganga wa Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza. Joto fiche, lile linalowasumbua vijana wetu katika mtihani, liligunduliwa katika karne ya 18 na Joseph Black, daktari aliyefundisha Glasgow na Edinburgh. Joto hilo ndilo linaloeleza kwa nini jasho likikauka mwili hupoa. Luigi Galvani, ambaye jina lake tunalitamka kila tunaposhika galvanometa, alikuwa mwalimu wa anatomia huko Bologna. Mwaka 1791 alitoa maandishi juu ya miguu ya chura iliyoruka ilipoguswa na umeme. Thomas Young, aliyeonyesha kwamba nuru husafiri kwa mawimbi, alikuwa daktari mjini London, na ndiye pia aliyeeleza jinsi lenzi ya jicho inavyobadili umbo ili tuone vitu vya karibu na vya mbali.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Julius Robert Mayer. Mwaka 1840 Mjerumani huyu kijana alikuwa daktari wa meli ya Kiholanzi iliyokwenda Java. Siku zile ilikuwa desturi kumtoa mgonjwa damu. Mayer alipowatoa damu mabaharia katika nchi ile ya joto, aliona kwamba damu ya vena, ambayo kwao Ulaya aliijua kuwa nyeusi-nyeusi, hapa ilikuwa nyekundu ya kung'aa, karibu sawa na ile ya ateri. Akajiuliza sababu. Akafikiri kwamba katika nchi ya joto mwili hauhitaji kuchoma chakula kingi ili kujipasha moto, kwa hiyo oksijeni inayotumika ni kidogo. Kutoka hapo akaendelea kuwaza uhusiano wa chakula, joto na kazi, na mwaka 1842 akachapisha wazo kwamba nishati haipotei bali hubadilika sura. Miaka mitano baadaye, mwaka 1847, wazo hilo lilielezwa kwa hesabu kamili na Hermann Helmholtz, naye akiwa daktari wa jeshi la Prussia. Basi kanuni ya kutopotea kwa nishati, ambayo ni nguzo ya fizikia yote, ilitoka mikononi mwa waganga wawili, na wa kwanza wao aliianza kwa kutazama rangi ya damu katika bandari ya nchi ya joto kama za kwetu.

Siwezi kumwacha Jean Poiseuille wa Paris. Huyu alikuwa daktari aliyetaka kujua damu inapitaje katika mishipa myembamba. Katika miaka ya 1840 alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa vijiti vya kioo vyenye tundu dogo mno, na akaona kwamba mtiririko hufuata kipeo cha nne cha nusu kipenyo cha tundu. Maana yake ni nini? Ukipunguza nusu kipenyo cha mrija kikawa nusu ya kilivyokuwa, mtiririko hauwi nusu, wala robo. Unakuwa sehemu moja ya 16. Ndiyo sababu mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua huwekewa sindano nene na fupi, si ile nyembamba ya mtoto mchanga. Muuguzi anayeijua sababu hiyo atachagua sindano kwa haraka hata pale ambapo hakuna mtu wa kumwelekeza.

Jinsi sharti lilivyowekwa

Pamoja na hayo yote, kwa muda mrefu mtu aliweza kuwa daktari bila kuulizwa fizikia hata kidogo. Mpaka katikati ya karne ya 19 waganga wengi wa Ulaya na Marekani walimtazama mgonjwa ulimi, wakamshika mkono kuusikiliza mpigo wa damu, wakaangalia mkojo, kisha wakatoa dawa. Elimu waliyojivunia ilikuwa ya Kilatini na falsafa.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya vipimo. Mwaka 1816 René Laennec alitengeneza stetoskopu ya kwanza. Mwaka 1851 Helmholtz akatoa chombo cha kuchungulia ndani ya jicho. Mwaka 1868 Carl Wunderlich akachapisha kitabu chake juu ya joto la mwili katika magonjwa, na kipimajoto kikaanza kuwa chombo cha kila wodi. Tarehe 8 Novemba 1895 Wilhelm Röntgen akagundua miali ya eksirei, na katika muda wa miezi michache tu miali hiyo ilikuwa inatumika hospitalini kutafuta mifupa iliyovunjika na risasi zilizobaki mwilini. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia akatoa kipimo cha shinikizo la damu chenye mfuko wa kufunga mkono, na mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaonyesha jinsi ya kukitumia pamoja na stetoskopu. Sasa mganga asiyejua maana ya shinikizo, joto, mawimbi na umeme alianza kuwa kama nahodha asiyejua kusoma dira.

Ndipo serikali na vyuo vikaanza kudai. Prussia ilitangulia: mwaka 1861 ule mtihani wa falsafa waliokuwa wakifanya wanafunzi wa uganga uliondolewa, na mahali pake ukawekwa mtihani wa sayansi za maumbile. Ufaransa nayo mwaka 1893 iliweka cheti cha fizikia, kemia na elimu ya viumbe kuwa sharti la kuanza masomo ya udaktari. Waingereza walikuwa na mtihani wao wa kwanza wa udaktari uliojumuisha masomo hayohayo. Wadogo zetu mtaona kwamba PCB tunayoisoma ni mjukuu wa mitihani hiyo ya karne ya 19.

Huko Marekani habari yake ina mafunzo ya peke yake. Mwaka huohuo wa 1893 Chuo cha Udaktari cha Johns Hopkins kilifunguliwa mjini Baltimore, kikadai kwamba anayeingia awe na shahada ya kwanza na awe amesoma fizikia, kemia na biolojia. Sharti lilikuwa zito kiasi kwamba William Osler, mmoja wa maprofesa wake wakubwa, husimuliwa kuwa alimtania mwenzake William Welch kwamba wao wawili wana bahati kuingia kama maprofesa, maana kama wanafunzi wasingeingia. Sharti hilo lilitokana kwa sehemu na mwanamke, Mary Elizabeth Garrett, aliyetoa fedha za kukifungua chuo kwa masharti: kiwango cha kuingia kiwe cha juu, na wanawake wapokelewe sawa na wanaume.

Kisha mwaka 1910 ikatoka taarifa ya Abraham Flexner. Flexner hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa shule. Alitumwa na Taasisi ya Carnegie kuvitembelea vyuo vya udaktari vyote 155 vya Marekani na Kanada. Aliyoyaona yalikuwa ya aibu: vyuo visivyo na maabara, vyuo vilivyompokea yeyote mwenye ada, vyuo vya biashara tupu. Akapendekeza kwamba kabla ya udaktari mwanafunzi awe na msingi wa chuo katika fizikia, kemia na biolojia, na vyuo visivyo na maabara vifungwe. Vikafungwa vingi. Wagonjwa wa nchi ile walipata faida kubwa, na hilo hapana budi kulikiri.

Lakini nani aliyelipa gharama? Wakati huo palikuwa na vyuo saba vya udaktari vya Wamarekani Weusi. Katika miaka iliyofuata vitano kati ya hivyo vilifungwa, vikabaki viwili tu, Howard mjini Washington na Meharry mjini Nashville. Vijana wale hawakukosa akili ya fizikia. Walikosa shule za sekondari zenye maabara, walikosa vyuo vya kuwapokea na fedha za kununulia vyombo. Sharti lilikuwa moja kwa wote, ila njia ya kulifikia haikuwa moja. Uchache wa madaktari Weusi uliotokana na hayo uliendelea kuisumbua nchi ile kwa vizazi.

Lilivyofika kwetu

Katika Afrika ya Mashariki uganga wa kisasa ulianza kufundishwa kwa mpango katika Uganda. Makerere ilianzishwa mwaka 1922, na mafunzo ya uganga yakaanza huko miaka michache tu baadaye, karibu na hospitali ya Mulago. Kwa miaka mingi vijana wa Tanganyika, Kenya, Zanzibar na Uganda waliotaka kuwa waganga walipitia huko.

Jambo ambalo ningependa wasomaji walishike ni hili. Shule za sekondari za wakati ule zilikuwa chache, na maabara zake zilikuwa chache zaidi. Makerere ilipotaka waganga wenye fizikia, haikuwaambia vijana wakaitafute wanakojua. Wanafunzi waliofika pale wakiwa na cheti cha sekondari walifundishwa kwanza masomo ya awali ya sayansi, fizikia ikiwamo, katika maabara za chuo chenyewe, kisha ndipo wakavuka kwenda kusoma uganga. Aliyedai ndiye aliyefundisha.

Mwaka 1949 Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na viwango vikawa vya London. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, madarasa ya Kidato cha Tano na cha Sita yalipoenea, kazi ile ya masomo ya awali ilihamia kwenye shule za sekondari. Hapo ndipo mzigo wa fizikia ulipohama kutoka maabara za chuo ukaja kukaa juu ya shule kama hii yetu.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, madaktari wazalendo wa Tanganyika walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Idadi inayotajwa mara nyingi ni 12. Taifa halikuweza kusubiri. Mwaka 1963 chuo cha udaktari kilianzishwa Dar es Salaam chini ya Wizara ya Afya, na mwaka 1968 kikawa Kitivo cha Udaktari cha Chuo Kikuu. Nairobi nayo ilikuwa imeanza mwaka 1967. Kitivo cha Dar es Salaam kilikua kikawa Chuo Kikuu kishiriki mwaka 1991, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Moshi na Mwanza pia zimepata vyuo vyake. Milango imeongezeka, na kwenye kila mlango kuna swali la fizikia.

Tulivyoisoma sisi

Mimi niliingia Kidato cha Tano mwaka 1997, mwaka wa mvua za El Niño. Barabara zilikatika, unga ulichelewa kufika, na kitabu kinene cha Nelkon na Parker kilikuwa kikipita kutoka bweni hadi bweni kwa zamu, kurasa zake za mwanzo zikiwa zimekwisha kuchakaa. Darasa letu la PCB lilikuwa kubwa siku ya kwanza. Kufikia Krismasi baadhi ya wenzetu walikuwa wamehamia michepuo mingine, na kila aliyehama alitoa sababu ileile.

Galvanometa nzima ilikuwa moja. Mwalimu wetu, ambaye wa rika langu mtamkumbuka kwa jina la Mzee Newton, aliiweka juu ya meza ya mbele, nasi tukaja kuitazama mmoja mmoja kama watu wanaoaga maiti. Majaribio mengi tuliyafanya ubaoni: mwalimu alichora chombo, akaandika namba ambazo chombo kingesoma, nasi tukachora grafu. Ndivyo tulivyojifunza kufaulu bila kuona. Simlaumu mzee wetu. Aliyafanya aliyoweza kwa alivyopewa, na usiku wa kukosa umeme alikuja darasani na karabai yake mwenyewe.

Siku niliyoielewa fizikia kwa mara ya kwanza sikuwa darasani. Mwenzetu mmoja alishikwa na malaria kali, akalazwa katika zahanati ya jirani, akatundikiwa dripu ya kwinini. Chupa ilikuwa imefungwa kwenye msumari uliopigwa chini mno ukutani. Tulipokuwa tumekaa naye tukaona damu inapanda polepole ndani ya mpira. Tukapiga kelele. Muuguzi, mama wa makamo ambaye sidhani kama alipata kufika Kidato cha Tano, alikuja bila haraka, akaifungua chupa, akaiinua juu ya kichwa chake, na damu ikarudi ilikotoka.

"Wanangu," akasema, "ukiishusha chupa, yeye ndiye atakayeijaza."

Tulimsimulia Mzee Newton. Alicheka, kisha akaacha somo la siku ile akatufanyisha hesabu. Maji ya kimo cha mita moja yana shinikizo gani? Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, kwa hiyo mita moja ya maji ni sawa na milimita 74 hivi za zebaki. Shinikizo katika vena ya mkono wa mtu aliyelala halifiki hata milimita 20. Basi chupa ikiwa mita moja juu ya mkono, maji yataingia. Ikishuka karibu na mkono, damu itatoka. Akaendelea: shinikizo la ateri ya mtu mzima hufika milimita 120 mpigo unapopita. Je, damu hiyo ingepanda kimo gani kama ingewekewa mrija? Tukapata zaidi ya mita moja na nusu. Ndipo akatuambia habari za kasisi Mwingereza Stephen Hales, aliyechapisha mwaka 1733 jinsi alivyotia mrija katika ateri ya farasi, damu ikapanda kiasi cha mita mbili na nusu.

Tangu siku ile kundi letu dogo lilibadili namna ya kusoma. Kila sura tuliitafutia mgonjwa wake. Nyenzo tuliitafutia mkono unaobeba ndoo, tukashangaa jinsi msuli unavyovuta kwa nguvu iliyo kubwa mara nyingi kuliko uzito wa ndoo yenyewe, kwa sababu umeshikizwa karibu na kiwiko. Lenzi tulizitafutia miwani ya Mwalimu wa Zamu. Mawimbi ya sauti tuliyatafutia ultrasaundi, ambayo wakati ule tulikuwa tumeisikia tu. Fizikia haikuwa rahisi kwa sababu hiyo, na usiku wa kukesha ulikuwa uleule, lakini tuliacha kuuliza ni ya nini.

Baadhi ya wenzangu wa kundi lile leo ni madaktari, na mmoja ni bingwa wa upasuaji. Mimi alama zangu zilinifikisha chuo kikuu lakini si katika udaktari. Nikasoma sayansi nyingine, nikaajiriwa serikalini. Kazi hiyo imenipitisha katika hospitali nyingi za wilaya, na nilichokiona kimenithibitishia maneno ya Mzee Newton. Katika hospitali moja nilikuta mashine ya eksirei imelala kwa majuma kadhaa, watu wakisema imekufa. Alipofika fundi alipima umeme wa ukutani, akakuta volti ziko chini mno, mashine ikijizima ili kujilinda. Mashine ilikuwa nzima. Wagonjwa waliovunjika mifupa walikuwa wamesafirishwa umbali mrefu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuuliza swali la Kidato cha Pili.

Jambo lililo mbele yetu

Wapo watakaosema kwamba siku hizi mashine zinafanya kila kitu zenyewe, daktari anasoma namba tu. Nitawajibu kwa kifaa kimoja ambacho wengi wetu tulikifahamu wakati wa ugonjwa wa Uviko mwaka 2020 na 2021: kile kidude cha kubana kidoleni, kinachoonyesha kiasi cha oksijeni katika damu. Msingi wake uliwekwa Japani mwaka 1974 na mhandisi Takuo Aoyagi. Hupitisha nuru nyekundu na ile isiyoonekana ya infraredi katika kidole, na kwa kuwa damu yenye oksijeni na isiyo nayo hazimezi nuru hizo kwa kiasi kimoja, kifaa hukadiria oksijeni.

Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya kifaa hicho. Waliona kwamba kwa wagonjwa Weusi kilishindwa kugundua upungufu mkubwa wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa Weupe. Sababu inayotajwa ni nuru yenyewe: rangi ya ngozi nayo humeza nuru, na vifaa vilisanifiwa na kupimwa zaidi kwa watu wa ngozi nyeupe. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Namba inasema mgonjwa ana nafuu, naye anaelekea kuzama. Nani atakayeishuku namba hiyo katika wodi zetu, ambako karibu kila kidole ni cheusi? Ni yule anayejua kwamba nuru humezwa. Na nani atakayetengeneza kifaa kinachotufaa sisi? Huyo naye atatoka katika darasa la fizikia, au hatatoka kabisa.

Kwa hiyo kwenu wadogo zangu wa Kidato cha Pili neno langu ni fupi: msiiache. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Msingoje muipende ndipo muisome; itafutieni mgonjwa wake, kisha muwaombe walimu wenu wawasahihishe. Na aliyekwisha kupata alama ya chini mara moja asijihesabu kuwa mjinga, maana majaribio ya kuchora ubaoni hayampimi mtu sawasawa.

Kwenu wahitimu wenzangu neno langu ni refu kidogo. Tunapokutana tunapenda kuchangia vitu vinavyoonekana kutoka barabarani: lango, bendera, rangi ya ukumbi. Hayo ni mema. Lakini kama historia niliyoieleza ina maana yoyote, sisi ndio tunaopaswa kufanya ile kazi ambayo Makerere iliifanya kwa vijana wake wa kwanza. Tukidai madaktari kutoka shule hii, tuwape mahali pa kuisoma fizikia. Napendekeza mchango wa mwaka huu uende wote kwenye maabara: galvanometa za kutosha meza zote, lenzi, mizani, vipimajoto, na pamoja navyo vitu vya hospitali ambavyo havimo katika orodha ya kawaida, yaani kipimo cha shinikizo la damu, stetoskopu, mpira wa dripu na chupa yake. Madaktari waliomo kati yetu waje siku moja kila muhula wafundishe wao wenyewe somo moja la fizikia kwa kutumia vyombo hivyo. Mimi nimekwisha kutoa fungu langu kwa mtunza hazina, na daftari la michango liko wazi mezani kwake siku zote mbili za mkutano.